Redio Yasikia, Lakini Haisikiki

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Gari la misioni lilisimama kando ya kijito kilichofurika, na maji yalikuwa yamefunika daraja la miti. Nyuma ya gari alilala mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa tangu siku iliyotangulia. Mama mkwe wake alikuwa akimshika mkono na kusali Rozari kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya maji, hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja tu kwa pikipiki. Nasi hatukuwa na hofu kubwa, kwa kuwa ndani ya gari tulikuwa na redio mpya ya kusemezana, yenye nguvu ya wati 50.

Tukashika kipaza sauti, tukaita: "Hospitali, hospitali, hapa ni gari la misioni. Mwatusikia?"

Kimya.

Lakini sisi tuliwasikia vizuri kabisa! Muuguzi wa zamu alikuwa akizungumza na kituo kingine habari za dawa. Sauti yake ilikuwa safi kama ya mtu aliyeketi kando yetu. Tulingoja amalize, tukaita tena. Tuliita mara kumi, mara ishirini. Yeye aliagana na mwenzake kwa utulivu, akanyamaza. Ndipo bibi yule akatuuliza: "Mwalimu, mbona sisi twawasikia, nao hawatusikii? Wametukataa?" Tulikosa la kumjibu.

Mtoto alizaliwa mle garini kabla ya mapambazuko. Alikuwa dhaifu sana. Tulichukua maji ya chupa tuliyokuwa nayo, tukambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Aliishi muda mfupi, kisha akarudi kwa Mungu. Asubuhi maji yalipopungua tulivuka, na mama akafikishwa hospitali, akapona.

Muuguzi aliposikia habari alisimama kimya. Kisha alisema: "Mwalimu, redio yetu ilikuwa wazi usiku kucha. Pikipiki ilikuwapo. Katika kijiji cha kando ya maji wako watu wenye mtumbwi, tungaliwaamsha. Lakini hatukusikia hata neno moja."

Siku iliyofuata tuliketi mbele ya redio ile na karatasi mkononi, tukaichunguza. Kosa lilipatikana kwa muda wa nusu saa. Lilikuwa namba moja tu: mahali palipopaswa kuandikwa 88.5, paliandikwa 85.4. Na ni nani aliyeiandika? Ni sisi wenyewe, kwa mkono wetu, siku ya Jumamosi, tukifanya haraka kabla ya giza. Baada ya kuandika tulisikiliza, tukasikia watu wakiongea, tukafurahi, tukasema: "Redio yafanya kazi." Hatukumwita mtu hata mmoja ili atujibu.

Kama mtoto yule angaliishi, Mungu peke yake ajua. Wahenga wamesema: Mficha uchi hazai. Basi twaliandika kosa letu hapa waziwazi, ili msomaji aliye na redio ya namna hii katika misioni yake, katika zahanati au shuleni, asilirudie.

REDIO YENYE NJIA MBILI

Wengi wetu huku Lusangi, na katika nchi yote ya Kasongo na Kabambare, twaijua foni ya zamani. Hiyo hutumia mawimbi marefu kidogo, ambayo hupanda juu, hurudishwa na tabaka za anga, kisha hushuka mbali sana. Kwa foni mtu aweza kusema na Bukavu au Kinshasa. Lakini sauti hupanda na kushuka, mchana si sawa na usiku, tena waya wake wa antena huhitaji uwanja mzima.

Redio ya gari tunayoisema hapa ni ya namna nyingine. Mawimbi yake ni mafupi, huenda mbele moja kwa moja kama nuru ya taa, wala hayarudishwi na anga. Huitwa redio ya njia mbili kwa kuwa yaweza kutumia mafungu mawili ya mawimbi: fungu la kwanza lenye urefu wa meta 2 hivi, yaani megaherzi 144 na kuendelea, na fungu la pili lenye urefu wa sentimeta 70 hivi, yaani megaherzi 430 na kuendelea. La kwanza hufaa zaidi penye vilima na miti. La pili hufaa zaidi kati ya majumba, na antena yake ni fupi.

Kwa kuwa mawimbi hayo huenda kama nuru, mwendo wake hukomeshwa na mviringo wa dunia na vilima. Wanafunzi waweza kupima wenyewe kwa hesabu hii: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa meta, ukizidishe kwa 4.12; jibu ni kilometa. Antena ya meta 25 juu ya ardhi tambarare itafika kilometa 20 na zaidi kidogo. Ile ya gari, yenye urefu wa meta 2, karibu kilometa 6. Ukizijumlisha utapata kilometa 26. Basi mtu asiilaumu programu ya redio yake ikiwa yeye yumo bondeni, kilometa 60 kutoka kwa mwenzake!

Dawa ya umbali huo ni mtambo unaowekwa juu ya kilima, ambao mafundi huuita ripita. Kazi yake ni kupokea sauti dhaifu ya gari na kuirusha tena kwa nguvu wakati uleule. Na hapo ndipo penye hila zote, kwa maana ripita hupokea kwa wimbi moja na kurusha kwa wimbi jingine, tena haifungui mlango wake kwa kila abishaye.

MAMBO MATANO NDANI YA CHANELI MOJA

Mtu akiona kwenye uso wa redio neno "Chaneli 1" hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ndani ya chaneli moja mna mambo matano, na moja likikosewa, mengine manne hayasaidii kitu.

La kwanza ni wimbi la kupokea. Tuseme ripita yarusha kwa 145.600, nasi hatuna budi kusikiliza palepale.

La pili ni tofauti ya wimbi la kurushia. Katika fungu la meta 2, desturi ya wapenda redio wa sehemu zetu za dunia ni kushuka kwa kiloherzi 600; basi atakayesikiliza 145.600 atarusha kwa 145.000. Katika fungu la sentimeta 70 tofauti hubadilika toka nchi hadi nchi: pengine megaherzi 1.6, pengine 5, pengine 7.6. Tena si kiasi tu, bali na upande: kushuka au kupanda, yaani alama ya kutoa au ya kujumlisha. Mwenye kuweka alama ya kujumlisha mahali pa kutoa atarusha kwa 146.200, na ripita haitajua kama yupo duniani.

La tatu ni toni. Hii ni sauti nene na ya chini mno, ambayo redio huitia chini ya maneno ya msemaji, na redio inayopokea huichuja ili sikio lisiisikie. Toni hupimwa kwa herzi, na orodha yake ya kawaida huanza 67.0 na kwisha 254.1. Ripita iliyoamriwa kufungua kwa toni ya 88.5 itamfungulia mwenye 88.5 tu. Toni inayotangulia katika orodha ni 85.4. Waona jinsi zilivyo karibu! Kidole kikizungusha kitufe hatua moja pungufu, mlango umefungwa.

Wazee wetu wanalielewa jambo hili kuliko vijana. Katika misitu ya Kongo ngoma ya habari ilipolia, mpigaji alitangulia kupiga jina la ngoma la yule aitwaye, kisha habari yenyewe. Watu wote wa kijiji waliisikia ngoma, lakini aliyeitikia ni mwenye jina. Toni ni jina hilo la mlangoni.

La nne ni upana wa wimbi. Redio nyingi huweza kutumia upana wa kiloherzi 25 au nusu yake, 12.5. Lazima msemaji na msikilizaji wapatane.

La tano ni nguvu. Redio ya gari yaweza kuwekwa kwa wati 5, au 10 au 20, au 50, kadiri ilivyotengenezwa, na kila chaneli hukumbuka nguvu yake.

DALILI NA DAWA ZAKE

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kuuliza dalili. Kadhalika mwenye redio asianze kubonyeza vitufe ovyo; na aseme kwanza ugonjwa ni upi.

Dalili ya kwanza: yasikia, lakini haisikiki. Huu ndio ugonjwa uliotupata. Kwa kuwa yasikia, wimbi la kupokea ni sahihi, na antena yaelekea kuwa nzima. Basi kosa litafutwe upande wa kurusha: tofauti ya wimbi, upande wake, toni, au nguvu. Katika redio nyingi herufi T hutokea kwenye kioo toni inapotumika. Lakini kuiona T hakutoshi. Yafaa kuingia ndani na kusoma namba yake. Sisi tuliiona T ile usiku kucha, ikatudanganya.

Dalili ya pili: haisikii wala haisikiki, ijapokuwa wengine wanaongea. Hapo tazama kwanza wimbi lenyewe. Redio nyingine huhesabu kwa hatua za kiloherzi 5. Ukitaka kuandika 145.6125 haitakubali, bali itaandika namba ya jirani bila kukuambia. Badili hatua iwe 12.5, ndipo uandike. Kisha tazama kama hukuiamuru redio idai toni hata katika kusikiliza. Ripita isiyotuma toni yoyote haitasikika katika redio inayoidai. Shauri letu ni hili: kwa gari la wagonjwa, weka toni upande wa kurusha tu, na upande wa kupokea uuache wazi. Afadhali kusikia mvumo kidogo kuliko kukosa wito wa mtu.

Dalili ya tatu: wanatusikia, lakini sauti ni hafifu, au imekwaruzwa. Ikiwa wewe warusha kwa upana mdogo na wenzako wapokea kwa upana mkubwa, sauti yako itakuwa ndogo kama ya mtu asemaye nyuma ya ukuta. Ikiwa wewe warusha kwa upana mkubwa nao wapokea kwa mdogo, sauti itakwaruzika na kukatika kila unapopaza. Dawa si kupiga kelele, bali kuwafanya wote wawe na upana mmoja.

Dalili ya nne: redio yakata maneno katikati. Ndani yake mna saa ndogo inayomzuia mtu asishike kitufe bila kikomo. Ikiwekwa dakika moja, msemaji mrefu hukatwa. Hii si hasara. Ni adabu njema, hata kwa sisi walimu! Usiiondoe, bali iweke dakika tatu, na ujifunze kusema kwa ufupi.

Dalili ya tano: ukibonyeza kitufe redio yakataa kurusha. Pengine umeiamuru isirushe wakati mtu mwingine anaongea, na mvumo wa mbali tu watosha kuifunga. Pengine namba uliyoandika iko nje ya mafungu iliyoruhusiwa. Lakini angalia pia kama redio yazimika kabisa unapobonyeza. Hapo programu haina kosa: wati 50 zahitaji ampea 10 au zaidi, na waya mwembamba au betri iliyochoka haiwezi kuzitoa. Redio hizi zataka volti 13.8 hivi. Twajua watu waliofuta chaneli zote na kuandika upya mara tatu, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye msumari wa betri wenye kutu.

Dalili ya sita ni ya redio za njia mbili hasa. Kioo chake chaonyesha namba mbili, kushoto na kulia, na masikio yake husikiliza pande zote mbili pamoja. Lakini mdomo wake ni mmoja: hurusha kwa upande uliochaguliwa kuwa mkuu. Dereva asikia hospitali ikiita upande wa kulia, abonyeza na kujibu, lakini maneno yake yaenda upande wa kushoto, kwa watu wengine au pasipo na mtu. Mfundishe kila dereva alama inayoonyesha upande mkuu, na jinsi ya kuuhamisha. Na kama redio yenu ina uwezo wa kupokea upande mmoja na kurusha tena upande wa pili, kama ripita ndogo, hakikisheni imezimwa msipoitumia. Vinginevyo itarusha yenyewe kila isikiapo, itapata moto na kumaliza betri.

Dalili ya saba: kompyuta haielewani na redio. Siku hizi chaneli nyingi huandikwa kwa kompyuta, kwa programu ya kiwanda au kwa CHIRP, ambayo hupatikana bila malipo na kuzijua redio za aina nyingi. Mara nyingi kosa liko katika waya. Waya za bei rahisi pengine huwa na chembe bandia ndani yake, na kompyuta mpya huzikataa. Tazama kama waya umesukumwa hadi mwisho, kama mlango uliouchagua ndani ya programu ndio mlango wenyewe, na kama umechagua jina la redio yako kamili, si la ndugu yake anayefanana nayo.

KANUNI TULIZOJIWEKEA

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kuchunguza dhamiri kila jioni, amri baada ya amri, bila kuruka. Mwanzoni tuliona ni kazi ya kuchosha. Leo twaona kwamba ndiyo njia ya kutafuta kosa lolote: kwa taratibu, jambo moja moja, bila kujipendelea. Baada ya usiku ule tulijiwekea kanuni hizi, nasi twawapa wasomaji.

1. Kusoma kabla ya kuandika. Unapounga kompyuta, kwanza soma yaliyomo ndani ya redio na uyahifadhi kwa jina na tarehe. Ukiharibu, utakuwa na mahali pa kurudi. Tena usimwagie kamwe redio moja yaliyosomwa katika redio ya aina nyingine.

2. Kubadili jambo moja tu, kisha kujaribu. Mwenye kubadili mambo manne kwa pamoja, hata akifanikiwa, hajui alichoponya.

3. Kuandika kwenye karatasi. Daftari la redio liwe na mistari mitano kwa kila chaneli: kupokea, kurusha, toni, upana, nguvu. Mmoja aandike ndani ya redio, na mwingine asome kwa sauti kutoka daftarini.

4. Kutorusha kamwe bila antena. Nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na kuunguza redio. Wakati wa kujaribu karibu, tumia nguvu ndogo.

5. Kutosema "redio ni nzima" mpaka mtu wa upande wa pili ajibu. Kusikia si kusikika. Jaribu karibu, kisha jaribu ukiwa mbali, mahali pale ambapo kwa kawaida gari hupata shida.

6. Kuwa na chaneli ya pili isiyotegemea ripita, yenye wimbi moja la kupokea na kurusha, bila toni, nayo redio ya hospitali iisikilize. Ripita ikifunga mlango au ikikosa umeme, ninyi mlio karibu mtasemezana moja kwa moja. Laiti tungalikuwa nayo usiku ule!

7. Kutii sheria. Mawimbi si mali ya asiye na mwenyewe kama upepo. Katika Kongo hugawanywa na serikali, na sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo iliyoweka kanuni mpya za mawasiliano. Redio hizi zaweza kuingia katika wimbi la ndege, la polisi au la hospitali nyingine, na kosa la namba moja laweza kuwaziba wengine masikio wakati wa hatari. Basi omba ruhusa, andika mawimbi uliyopewa, na usiyavuke.

NENO MOJA LAWEZA KUOKOA WENGI

Msomaji mwingine atasema: "Hayo ni ya mafundi. Mimi mkulima yanihusu nini?" Tumjibu kwa historia.

Kabla ya vita ya 1914 Wabelgiji walisimamisha vituo vya simu ya upepo katika Kongo, na Kindu ya Maniema yetu ilikuwa miongoni mwake. Madhumuni yake yalikuwa kazi za utawala. Mgonjwa wa kijijini hakuwa na sehemu humo. Miaka mingi baadaye, tangu 1971, Kasongo ilijulikana kati ya waganga wa dunia kwa kazi iliyofanywa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen: zahanati ndogo karibu na watu, na hospitali moja inayozipokea shida zilizozishinda. Mpango huo ni mwema. Lakini kati ya zahanati na hospitali pana njia, mvua na mito. Na mgonjwa hupona upesi zaidi kama habari yake imetangulia.

Tutazame pia ndugu zetu wa kaskazini. Katika mwezi wa Desemba 2009 waasi wa LRA waliingia vijiji vya Makombo, katika Haut-Uele, wakaua watu wasiopungua 321 kwa siku chache. Palikosekana njia za kupeleka habari, na ulimwengu ulizijua kwa ukamilifu mwezi wa Machi 2010 tu. Baada ya misiba hiyo Tume ya Haki na Amani ya jimbo la Dungu-Doruma, pamoja na shirika la Invisible Children, walieneza foni katika vijiji, na wasemaji wa kila kijiji wakatoa habari kwa saa zilizopangwa. Hawakupewa bunduki, walipewa kipaza sauti na ratiba. Jirani aliyesikia mapema alipata nafasi ya kukimbiza watoto wake.

Kanisa nalo halikuidharau kazi hii. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI aliifungua Redio Vatikano, iliyojengwa na Marconi mwenyewe. Tarehe 12 Januari 1951 Papa Pio XII alimtangaza Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa wote wafanyao kazi ya simu na redio. Kwa maana ndiye aliyepeleka kwa Bikira Maria habari kuu kuliko zote, wala hakuondoka mpaka alipopata jibu. Naye Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, mtawa wa Polandi aliyetoa uhai wake mahali pa baba wa familia katika kambi ya Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, alikuwa ameanzisha redio katika konventi yake ya Niepokalanów mwaka 1938. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 10 Oktoba 1982, na wapenda redio wengi humwita rafiki yao mbinguni.

KILA JUMAMOSI

Leo, katika gari lile, karatasi yenye chaneli zote imebandikwa juu ya kioo cha dereva. Kila Jumamosi saa kumi jioni wanafunzi wawili wa darasa la sita huja na daftari. Mmoja husoma namba, mwingine hutazama redio. Kisha gari hutoka mpaka kijito kile, na kutoka pale tunaiita hospitali. Hatuondoki mpaka jibu lirudi.

Jumamosi moja bibi yule alipita na jembe begani, akatukuta pale kando ya maji. Alisimama akasikiliza. Muuguzi akajibu: "Gari la misioni, twakusikia vizuri." Bibi akatikisa kichwa, akasema: "Sasa wanatusikia, Mwalimu?" Tukamjibu: "Ndiyo, Bibi, wanatusikia." Akashika njia yake ya shambani.

Basi, wasomaji wapendwa, yeyote mwenye redio ya watu mkononi mwake, na aijaribu leo, wala asingoje usiku wa mvua.